Wafugaji wa samaki wa mapambo: gapi au moli akiwa na mimba mnamtunzaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu salaam. Nina mwezi wa pili nafuga gapi, tangi la lita 60. Jike mmoja tumbo lilijaa, kile kidoa cheusi karibu na tundu la haja kikakolea. Nikamtia kwenye kale kaboksi ka kuzalia kanakoning'inia ndani ya tangi. Hakula, kutwa anagonga plastiki. Siku ya tano nimemkuta amekufa na mimba yake. Muuzaji anasema ni kawaida. Mimi siamini.

Kibua: Pole mkuu. Ulimtenga mapema mno. Mimba ya gapi ni kama siku 28 hivi, na kidoa kinaonekana muda mrefu kabla. Angalia tumbo: likiacha kuwa la duara likapata pembe kama kisanduku, naye akajibanza kona peke yake, hapo amekaribia. Mimi siku hizi sihamishi mtu, najaza majani tu, vifaranga wajifiche humo.

Mama_Mbagala: Mie nafuga moli. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, na moli hayawasumbui hata kidogo. Juzi alfajiri nimemulika tochi ya simu, nikaona kifaranga anatoka amejikunja, anazama kama kokoto, halafu anajinyoosha na kukimbilia jani. Wa tatu hakufika. Mama yake mwenyewe kammeza! Nimebaki na simu mkononi. Sasa jike mwenye mimba namlisha mara tatu kwa siku, kidogokidogo, kupunguza hiyo tamaa.

Fundi_Pampu: Mimi niliuziwa jike mmoja, dume hakuna. Akazaa. Mwezi uliofuata akazaa tena, wife akaanza kuuliza huyu anatoka saa ngapi usiku 😂 Kumbe jike la gapi hutunza mbegu za dume tumboni kwa miezi. Nilipoharibu ni chakula: vifaranga niliwapa kiini cha yai la kuchemsha, nusu kijiko, maji yakachacha na wengi wakafa. Kinachobaki kwenye ncha ya kijiti cha meno kinawatosha. Na maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini itoke.

Kibua: Mleta mada, hujasema una madume wangapi.

Mleta mada: Wanne. Majike walikuwa wawili.

Kibua: Aisee! Wanamkimbiza mpaka anachoka. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Hao watatu wa ziada watafutie ndoo leo hii.

Mleta mada: Nimewatoa. Jike aliyebaki tumbo lina pembe tangu jana. Kaboksi nimekatupa uvunguni, majani nimefunga mafungu mawili yanaelea. Ametulia chini yake, nimezima taa ya tangi.

Mama_Mbagala: Usimchungulie kila dakika. Tuletee mrejesho asubuhi.