Mwanza tunauziwa sangara watoto waliokatwa vichwa ili tusiwapime

Wakuu, nimekasirika na leo nasema.

Mimi nakaanga samaki, kijiwe changu kiko Nyegezi, mwaka wa saba huu. Alhamisi niliagiza sangara kilo kumi na tano kwa mtu ninayenunua kwake siku zote. Nafungua kiroba nyumbani: vichwa hamna, mikia hamna, viwiliwili vitupu. Nikachukua futi kamba ya cherehani. Kirefu kuliko vyote sentimita 24, na vingine vinaenea kiganjani. Rudishia kichwa, rudishia mkia, piga hesabu unavyotaka, huyo samaki hafiki 50. Na kanuni inasema sangara asipungue sentimita 50, sato asipungue 25.

Nikampigia. Unajua alinijibu nini? "Dada, sangara wa kipimo anaenda kiwandani. Nyie wa mtaani mnataka wa bei nafuu."

Jibu hilo sijalimeza mpaka sasa. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yale mapulizo ya hewa ya tumboni mwa sangara, yanakwenda China kwa bei ambayo mimi siwezi hata kuitamka, sisi tulizoea kuachiwa mapanki, vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Sawa, mapanki tumekaanga na watoto wamesoma. Sasa yule ambaye kiwandani angekataliwa kwa udogo ndiye anakatwa kichwa na kushushwa kwangu, nimlishe mteja wangu samaki ambaye hajataga hata mara moja! Sangara jike huchelewa kupevuka kuliko dume. Wengi hata kwenye hiyo 50 bado hawajataga. Wa sentimita arobaini tunategemea atatuzalia nini?

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Jana niliingia duka moja mjini, nikashika kopo la jodari. Limeandikwa ni jodari wa aina gani, kavuliwa bahari ipi, na kwamba kavuliwa kwa mshipi na ndoano. Samaki wa bahari ambayo sijawahi kuiona ana maelezo yote hayo, mnunuzi anachagua mwenyewe. Sangara wa ziwa ninaloliona nikiwa nimesimama kwenye karai la mafuta hana hata kichwa.

Najua atakuja mtu hapa kusema niwaonee huruma wavuvi. Baba yangu alikuwa mvuvi kisiwani Kome, alitega ndoano na nyavu za macho makubwa, na alikuwa akirudi na samaki wa kubebwa na watu wawili. Kilichomfilisi ni kokoro, ule wavu wa kuburuta wa macho madogo. Linaburutwa mpaka ufukweni, palepale sato anapochimba kiota chake mchangani, linazoa mayai, vifaranga, kila kitu. Kokoro limepigwa marufuku miaka mingi, Sheria ya Uvuvi ipo tangu 2003, na 2018 tuliona nyavu haramu zikichomwa moto. Wenye mitumbwi walilia. Lakini mnunuzi aliyekuwa akiwasubiri nchi kavu na mizani yake alichomewa nini? Huyu ndiye anayemlipa mvuvi kwa samaki mchanga. Miaka saba nanunua samaki, sijawahi kuona mtu akiweka rula juu ya samaki pale ninaponunulia. Hata mara moja.

Na wenzangu wa mama lishe, mnajua kabisa. Tukiletewa viwiliwili tunafurahi kwa sababu vinakaa vizuri kwenye sahani, kipande kimoja mtu mmoja. Nimefanya hivyo pia, na najuta. Kuanzia wiki hii asiyeniletea samaki mzima arudi naye.

Anayemjua muuzaji wa Kirumba, Igombe au Kayenze anayetoa sangara na kichwa chake na mkia wake, wa kipimo, aandike hapa. Bei ikiwa juu nitapandisha sahani na wateja nitawaeleza. Kile kiroba nimemrudishia yule bwana tangu Ijumaa. Hela yangu hajanipa.