Nimealikwa kupanda Doi Suthep usiku wa Visakha Bucha. Niende?

binti_pongwe:
Wakuu habari za majukumu. Mimi Mtanzania, nafundisha shule ya msingi hapa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Wiki ijayo ni Visakha Bucha, siku Wabuddha wanayokumbuka kuzaliwa, kupata nuru na kufariki kwa Buddha, yote yakiaminika kutokea siku ya mwezi mpevu wa mwezi ule ule. Walimu wenzangu wanataka tupande wote hekalu la Doi Suthep kwa miguu, usiku wa kuamkia sikukuu. Mama mmoja mtu mzima pale ofisini ameshaninunulia shati jeupe, hivyo kukataa nako ni mtihani. Mimi ni Mlutheri wa KKKT tangu utotoni. Sitaki kumvunjia mtu heshima, wala sitaki kusujudia sanamu. Nifanyeje? Na chini nivae nini?

mzamiaji_bkk:
Nenda dada. Chini vaa sketi ndefu au suruali pana, magoti na mabega yasionekane. Viatu viwe vya kuvulika upesi ila si ndala, maana ni kama kilomita 11 za mlima, halafu mwishoni unakuta ngazi zaidi ya 300. Beba koti la mvua, Mei haina adabu. Matembezi yanaanzia kwenye sanamu ya mtawa Khruba Siwichai, aliyewaongoza wananchi kuchimba barabara ya kupanda mlimani mwaka 1934 hadi 1935. Ulikuwa msaragambo hasa. Njiani watu wanagawa maji na chakula bure. Pokea, usitoe hela, wao wanatafuta thawabu.

shemasi_mstaafu:
Binti yangu, soma 2 Wafalme 5, habari za Naamani, jemadari wa mfalme wa Shamu. Alimwambia nabii Elisha kwamba Bwana amsamehe atakapoinama katika nyumba ya mungu Rimoni akiwa na bwana wake, akajibiwa, "Enenda kwa amani."

kijana_wa_kkkt:
Shikamoo mzee, lakini Naamani alikuwa kazini, mfalme anamwegemea mkono. Huyu kaalikwa matembezi tu, anaweza kusema hapana.

shemasi_mstaafu:
Marahaba. Anaweza, ndiyo. Ila shati limeshanunuliwa.

mpemba_hatyai:
Mimi Muislamu, nimesoma kusini huku ambako Waislamu na Wabuddha ni majirani wa siku zote. Dada, kupanda mlima si ibada. Ibada ni kule juu: kuna kuzunguka mara tatu, mkono wa kulia ukielekea hekalu, na mshumaa, udi wa vijiti vitatu na ua la yungiyungi mkononi. Mzunguko mmoja ni wa Buddha, mmoja wa mafundisho yake, mmoja wa watawa. Amua ukiwa bado nyumbani kama hilo utalifanya au hapana, usiende kuamulia pale umeshapewa mshumaa. Halafu mwambie huyo mama mapema: "Nitapanda nanyi, mkizunguka nitawasubiri uani na mikoba." Atafurahi, maana mtu wa kushika mikoba anahitajika kila mara! Ukikaa chini, kunja miguu nyuma. Nyayo zisielekee sanamu wala mtawa.

binti_pongwe:
Asanteni sana. Hilo la mikoba limenifaa. Na watawa wakinisalimia?

mzamiaji_bkk:
Unganisha viganja, inamisha kichwa kidogo. Ni salamu kama ile unayompa mwalimu mkuu kila asubuhi, kwa hiyo hata mzee shemasi hatakulaumu. Ila wewe mwanamke usimguse mtawa wala usimpe kitu mkono kwa mkono. Kiweke chini au kwenye kitambaa atakachotandika. Chakula usimpelekee baada ya saa sita mchana, hawali tena mpaka asubuhi. Pia usikanyage kizingiti, kivuke.

kijana_wa_kkkt:
Kumbe wanawake wanaruhusiwa kila mahali?

mpemba_hatyai:
Si kila mahali. Hapo hapo Chiang Mai, ndani ya hekalu la Wat Chedi Luang kuna kijumba cha nguzo inayoaminika kulinda mji, mwanamke haingii, na kibao kipo mlangoni. Doi Suthep atapanda na kuingia uani bila tabu.

binti_pongwe:
Nimeshaongea na mama. Kacheka, kaniambia mikoba ni mitano na mmoja una thermosi. Kushuka je, tunashuka kwa miguu?

mzamiaji_bkk:
Thubutu! Panda songthaew nyekundu, yaani pikapu ya abiria, mnakaa mnatazamana kama daladala za chai maharage za Dar enzi zile. Ulizia nauli kabla hujakaa.