Ushauri: pai ya samaki inatoa maji na viazi vinazama. Niweke jibini gani juu?

Upawa
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa haraka. Napika pai ya samaki ile ya Kiingereza: chini samaki kwenye sosi nyeupe, juu viazi vya kuponda. Mara mbili imeniangusha. Ikitoka kwenye oveni viazi vimezama katikati na pembeni kumejaa maji meupe kama ya kuoshea mchele. Natumia minofu ya sangara kilo 2, viazi mbatata kilo 3, maziwa lita moja na nusu, unga wa ngano vijiko vinne. Nyumbani tuko watano. Naipika tena kesho mchana. Nikikwaruza jibini gani juu viazi havitazama?

Nguru wa Feri
Achana na jibini, badilisha samaki. Chukua nguru au kolekole, vipande vinabaki imara. Waingereza wenyewe hupenda kuchanganya hadoki mbichi (samaki wa bahari wa kwao) na hadoki wa moshi. Ukipata sangara wa moshi, gramu 300 kwenye hizo kilo 2 zinabadilisha ladha yote. Ila chumvi ipunguze.

Bi Nazi
Kwa nini maziwa jamani, na tui lipo? Tui zito na ndimu kidogo, samaki wa pwani anakaa vizuri sana humo. Koroga muda wote, likichemka bila kukorogwa linakatika.

Mchuzi Mzito
Kabla hatujafika mbali. Samaki anaingia kwenye trei mbichi au ameshaiva? Ametoka sokoni au friza?

Upawa
Friza. Namweka akiwa na barafu kidogo ndani, maana minofu ikiyeyuka inavunjikavunjika. Oveni si itamwivisha? Sioni haja ya kumpika mara mbili. Viazi vya kesho nimeshavisaga kwa blenda, viko kwenye friji, laini kabisa. Hapo nimemaliza, nataka jibu la jibini tu.

Mchuzi Mzito
Jibini haizuii maji, inafunika tu. Maji yako yanatoka hapo hapo kwenye samaki. Friza za nyumbani zinagandisha polepole, barafu inakuwa chembe kubwa zinazochana nyama, na akipata moto anaachia maji yote ndani ya sosi. Wewe unamwongezea na barafu yenyewe.

Usiku huu mtandaze juu ya chujio lenye bakuli chini, ndani ya friji, asikae nje. Asubuhi mkaushe kwa kitambaa safi ukimbonyeza. Mchemshe kwenye hayo maziwa pamoja na kitunguu na pilipili manga, kwa mafungu, dakika 6 hivi. Maziwa yatetemeke tu, yasitokote. Mtoe, mwache achuruzike, mmenyue vipande vikubwa. Maziwa uyachuje, ndiyo ya sosi.

Vijiko vinne vya unga kwa lita moja na nusu ni uji wa mgonjwa. Weka siagi gramu 125, unga gramu 125, kaanga dakika 2 bila kubadilika rangi, mimina maziwa kidogo kidogo. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi bila kujifunga, sosi imefika. Kungumanga kidogo, samaki, njegere, mayai ya kuchemsha. Halafu ipoe hadi juu ifanye utando. Viazi vikikutana na sosi ya moto lazima vizame.

Na viazi vya blenda havifai. Visu vimepasua wanga, vimekuwa gundi. Vichovye kwa kijiko uone vinavyovutika. Vifanyie katlesi, huko vinashikana vizuri. Chemsha vingine kuanzia maji baridi yenye chumvi, mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika 2 vikauke, ponda kwa mkono.

Kisu Butu
Naona hii habari ni ya kutunga. Watu watano, samaki kilo 2 na viazi kilo 3? Gramu 700 za samaki na kilo moja ya viazi zinawatosha watu watano na kubaki. Wenzako wanaandika kwa moyo, wewe unatujaribu.

Upawa
Sijatunga. Ni oda. Watu 15, kesho saa saba, na nimeshapokea nusu ya hela. Nimeona aibu kusema. Naipika yote kwenye trei moja yenye kina ya keki kubwa. Viazi vya blenda vimenigharimu, ndiyo maana nang'ang'ania.

Bi Nazi
Pole mwanangu. Chakula cha mtu aliyelipa hakijaribiwi siku hiyo hiyo. Nunua viazi vingine alfajiri.

Kisu Butu
Basi nimekosea, samahani. Gawa trei mbili, sentimita 30 kwa 25, kina 6. Kwenye trei ya kina kirefu viazi vinaungua juu wakati katikati bado baridi.

Upawa
Sawa, samaki nimeshamtandaza kwenye chujio. Viazi naanzia katikati au pembeni?

Mchuzi Mzito
Pembeni. Ziba ukingo wote wa trei kwanza, sosi isipate pa kupandia, ndipo ujaze katikati. Chora michirizi kwa uma, hiyo ndiyo itakayokamata rangi. Oveni nyuzi 200, dakika 35, dakika ya 20 badilishana trei ya juu na ya chini. Ikitoka, iache dakika 10 ndipo ukate.