Dume la nguruwe anapanda ila majike hayashiki mimba, shida nini?

ngosha_wa_banda
Wakuu habari za humu, niko Kahama, nina dume langu Large White ana kama mwaka na nusu, mwanzo alikuwa anapiga kazi safi tu, sasa tangu masika yaishe kila jike akipandwa baada ya wiki tatu anarudi kwenye joto, na mwenyewe amekuwa mvivu, ananusa jike, anazunguka, anaenda kulala. Chakula ni pumba ya mahindi, mashudu ya pamba na dagaa kidogo, anakula anashiba na ni mnene hatari, yaani afya ipo. Halafu kuna vijike vya miezi mitatu hivi vimevimba huko nyuma, vyekundu kama viko kwenye joto, nikashangaa joto gani la umri huo. Niuze dume nitafute mwingine au?

mama_zizi
Usiuze kwanza. Mnene hatari sio afya mkuu, huyo ni dume sio wa kitimoto. Weka kiganja mgongoni ubonyeze, ukiusikia uti wa mgongo yuko sawa, ukibonyeza kwa nguvu ukakuta mafuta tu amezidi. Dume mzima kilo 2 mpaka 3 kwa siku zinamtosha. Akinenepa miguu inauma, kupanda anaona tabu, na jua la huko kwenu linamuumiza zaidi, joto likizidi mbegu zinaharibika. Ila usimpige njaa ghafla, dume aliyekonda naye hamu inakata.

dkt_bandani
Unene sawa, lakini mimi kilichonishtua ni hivyo vijike. Hilo sio joto, ni ukungu wa mahindi. Kuna ukungu unatoa sumu inaitwa zearalenoni, ikiingia mwilini inajifanya homoni ya kike ndio maana vinavimba. Kwa dume inashusha homoni ya kiume na hamu, kwa madume wadogo hata makende yanaweza yasikue vizuri. Dume mzima anaihimili zaidi kwa hiyo usiutupie ukungu lawama zote, maana hapo umetaja mashudu ya pamba ukapita kama sio kitu. Pamba ina gosipoli, ng'ombe mkubwa anaivumilia kwa lile tumbo lake, nguruwe hana tumbo hilo, na hiyo sumu inajulikana kabisa kwa kuharibu mbegu za kiume. Toa, weka ya alizeti au soya.

Pumba nayo kaangalie gunia la chini kabisa linalogusa sakafu, ingiza mkono mpaka kati, ukitoa mabonge yaliyoshikana yana harufu ya uvundo umepata jibu. Ikiwa kavu haina harufu bado sio uhakika, sumu yenyewe haionekani, na kuchemsha hakuiondoi.

ngosha_wa_banda
Daah mabonge yapo kweli, nilijua ni unyevu tu. Sasa nikibadilisha chakula leo, wiki ijayo nipandishe? Au niazime dume la jirani kwanza majike yasikae bure?

dkt_bandani
Wiki ijayo mapema mno. Mbegu mpaka itengenezwe ikomae inachukua wiki 6 mpaka 8, atakazotoa wiki ijayo zilishapikwa kwenye pumba ile ile, mpe miezi miwili ndio umpime. Akibaki hivyo hivyo hata baada ya hapo, daktari wa mifugo amchukue damu, kuna magonjwa kama brusela nayo yanaharibu makende.

mama_zizi
Na la kuazima achana nalo kabisa, homa ya nguruwe haina tiba, dume anayezunguka mabanda ya watu anakuletea msiba. Weka magunia juu ya chaga, na ukinunua mahindi ya kusaga hakikisha yamekauka vizuri.

ngosha_wa_banda
Asanteni sana wakuu. Hii pumba mbovu nawapa kuku basi.

mama_zizi
Weee! Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu pia, kuku ini linakufa. Fukia.