Vidonda sehemu za siri na mkojo unaunguza, nimemeza dawa za UTI wapi

Mama K
Wapendwa naombeni msaada, leo siku ya tano nateseka. Ilianza homa na mwili kuuma, kesho yake huku chini vikatoka vipele vidogo vya maji vimerundikana pamoja, vikapasuka vikawa vidonda. Kukojoa ndo balaa, nang'ang'ania mlango wa choo nalia, hadi maji naogopa kunywa. Duka la dawa wamenipa za UTI siku tatu nimemeza hamna kitu na mitoki imevimba pande zote. Jirani akaniambia nikalie maji ya chumvi na ndimu, nilijaribu mara moja sirudii. Mume yuko safari mwezi wa pili, hata kumwambia naogopa.

Nesi wa zamu
Pole sana mdogo wangu. UTI haitoi vidonda, yenyewe maumivu yanakuwa ndani chini ya kitovu na choo kila saa. Wewe unaungua pale mkojo unapogusa kidonda. Hiyo inafanana sana na malengelenge ya sehemu za siri (hapes), ila kaswende nayo inatoa kidonda japo mara nyingi kimoja na hakiumi, so usikisie, nenda leo vikiwa bado vibichi daktari avione, upimwe kaswende na VVU. Kama ni hapes utaandikiwa asaikloviri, inasaidia zaidi ukiwahi. Maji kunywa mengi maana mkojo mzito ndo unaunguza zaidi, na wakati unakojoa jimwagie maji ya uvuguvugu kwa kopo hapohapo. Mkojo ukigoma kabisa usingoje asubuhi. Una mimba?

Mama K
Ndio dada, miezi saba

Nesi wa zamu
Basi wahi sasa hivi na kadi ya kliniki. Hapes ya mara ya kwanza mimba ikiwa kubwa inaweza kumpata mtoto wakati wa kuzaliwa, ndo maana madaktari wakijua mapema mara nyingi wanapanga upasuaji. Asaikloviri wajawazito wanapewa, usiogope.

Bibie wa Tanga
Dada kuhusu mume, mimi hapes ninayo mwaka wa sita. Nilimtukana wangu nikafunga virago, kumbe kirusi kinakaa kimya hata miaka ndo kinatoka, huwezi jua nani kaanza. Hata vidonda vya mdomoni vya homa vinaweza kukiambukiza huku chini. Mwambie tu apimwe. Kinarudi ila sio kwa ukali huu, mimi mwaka jana mara moja tu.

Mama K
Asanteni, boda kafika, natoka na kadi