Mjadala: Msaidizi wa sauti kwenye simu, bora anayejua au bora anayetii?

Wakuu habari zenu. Kuna jambo nataka tulijadili kwa kina, na naomba lile zogo la iPhone na Android tuliweke pembeni kwanza, maana ukigusa tu habari za wasaidizi wa sauti, yani Siri wa Apple, Google Assistant na Gemini wa Google, Bixby wa Samsung na wenzao, watu wanaanza kutetea simu zao utadhani ni timu ya mpira na swali lenyewe linabaki palepale halijajibiwa. Swali langu ni hili, yupi bora, yule anayejibu maswali mengi au yule anayefanya ulichomtuma? Mimi upande wangu nausema mapema, anayetii ni bora kuliko anayejua, na nitaeleza kwanini.

Wanaosema Google alishamaliza kesi hii mara nyingi wanaleta jaribio la kampuni ya Loup Ventures la mwaka 2019. Waliuliza maswali 800 kwa kila msaidizi, Google Assistant akajibu sahihi asilimia 92.9, Siri 83.1, Alexa wa Amazon 79.8. Ukiishia hapo mshindi anajulikana. Ila ukichimba matokeo yaleyale unakuta maswali yaligawanywa mafungu matano, Google akashinda manne, lile la tano la amri, yani piga simu, tuma meseji, weka kikumbusho, Siri ndo akaongoza. Na kitu kingine ambacho watu wanakiruka, kwenye kuelewa kilichotamkwa wote watatu walikuwa karibu kabisa na asilimia 100. Kwahiyo masikio yalikuwa mazima, tofauti ilianzia pale msaidizi ameshasikia na sasa anatakiwa afanye kitu.

Na mimi hapo kwenye kufanya ndo nimekaa. Mama yangu macho yamepungua nguvu, maandishi ya simu hayaoni hata uyakuze vipi, simu anaiendesha kwa mdomo, kupiga, kusomewa meseji, kuuliza saa. Msaidizi anayemtumia ni wa kampuni gani sitaitaja. Siku moja akamwambia amkumbushe kumeza dawa usiku. Akajibiwa kwa sauti nzuri tu, akaelezwa umuhimu wa kumeza dawa kwa wakati, akaambiwa asizidishe dozi, akatakiwa afya njema, na kikumbusho hakikuwekwa. Mama akalala akijua kimewekwa. Asubuhi nakuta kidonge kiko palepale. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu sana siku ile, maana ingesema tu "nimeshindwa" mama angeniita mimi, lakini ilimjibu vizuri kiasi kwamba hakuwa na sababu ya kumuita mtu.

Sasa kwanini hii inatokea, na inaweza kutokea kwa yeyote. Wasaidizi wa mtindo wa zamani wanafanya kazi kama karani mwenye fomu. Sauti inageuzwa maandishi, maandishi yanachambuliwa kutafuta unataka nini, kisha fomu inajazwa, kazi ni kikumbusho, muda ni fulani, ujumbe ni fulani, halafu fomu inapelekwa kwenye programu husika. Ukiongea nje ya fomu anakwambia hajaelewa, na hapo ndo watu wanamuita mjinga. Wale wa mtindo mpya wanaotumia modeli kubwa za lugha wao wanaunda jibu kwa kukadiria neno linalofuata, ndomana wanaongea kama mtu, wanakumbuka ulichosema dakika mbili nyuma, unaweza kuwakatiza na kubadilisha mada wakakufuata. Lakini kuongea kuhusu kikumbusho na kuweka kikumbusho ni vitu viwili, cha pili lazima kipite kwenye mlango wa programu, na mlango usipokuwepo au ukifungwa vibaya modeli bado inaweza kutoa sentensi safi kabisa ya kukuridhisha. Mjinga anayesema hajaelewa, kwa mtu kama mama, ana usalama kuliko fundi wa maneno.

Na hili halijazikumba kampuni ndogo tu. Mwezi Februari 2024 Google walipoiachia programu ya Gemini ichukue nafasi ya Assistant kwenye Android, wenyewe walikiri kuna vitu bado haiwezi, kama huduma za muziki na zile ratiba za amri nyingi kwa pamoja. Apple nao Juni 2024 wakatangaza Siri mpya atakayejua mambo yako binafsi, atakayeona kilichopo kwenye skrini na kufanya kazi ndani ya programu, ikafika Machi 2025 wakasema itachelewa. Mnaona? Nyumba mbili kubwa, hela ipo, watu wapo, na wote walikwama kwenye kona ileile ya kumuunganisha msemaji na mtendaji awe mtu mmoja. Siwalaumu kwa kuchelewa. Bora achelewe kuliko ammezeshe mtu maneno.

Nigusie na Bixby maana anadharauliwa bila sababu ya msingi. Siri alianza kama programu ya kawaida mwaka 2010, Apple wakamnunua mwaka huohuo, akaja ndani ya iPhone 4S Oktoba 2011. Baadhi ya waliomuunda waliondoka wakaanzisha Viv Labs, na hiyo Viv Samsung wakainunua Oktoba 2016, Bixby akatoka na Galaxy S8 mwaka 2017. Yani watu walewale wameacha alama zao kwenye nyumba zote mbili zinazoshindana. Na Bixby tangu mwanzo lengo lake lilikuwa kuiendesha simu yenyewe, setingi, kamera, mwanga wa skrini, sio kuwa maktaba. Ukimuuliza historia ya dunia utasikitika, ukimwambia punguza mwanga washa hali ya kuokoa betri anafanya. Kwa kipimo changu hiyo ni sifa kubwa.

Halafu lugha, na hapa naomba tusioneane haya kusema. Siri hana Kiswahili. Upande wa Google kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kulikuja Agosti 2017 pamoja na lugha nyingine kama Kiamhari, Assistant wa zamani mwenyewe hakuwahi kukiongea, ila Gemini tangu alipokuwa anaitwa Bard, Julai 2023, Kiswahili anakijibu. Hili nalikubali bila kubishana, mtindo mpya umefungua mlango ambao ule wa fomu ungechukua miaka, kwasababu karani wa fomu alihitaji fomu mpya kwa kila lugha. Ila Kiswahili sio kubadilisha maneno tu. Mtu akisema niamshe saa moja asubuhi anamaanisha saa ambayo mashine inaiandika 7:00, sio 1:00, na msaidizi asiyejua hilo atakuamsha usiku wa manane huku akiamini ametii. Ndo pale naposema kujua na kutii vinakutana, lakini kipimo kinabaki kuwa je alamu imelia muda sahihi.

Na hata ndani ya lugha moja sio wote tunasikika sawa. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2020, walipima mifumo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft kwa Kiingereza cha Marekani, wakakuta kwa wazungumzaji weupe mfumo unakosea wastani wa asilimia 19 ya maneno, kwa weusi asilimia 35. Nchi moja, lugha moja. Kwahiyo mtu akikwambia msaidizi wangu ananielewa vizuri wewe unatamka vibaya, mwambie taratibu kwamba mashine imefundishwa kwa sauti za watu fulani zaidi ya wengine. Ndomana mradi wa Common Voice wa Mozilla unaokusanya sauti za kujitolea, na Kiswahili kimo, mimi nauona una faida kwetu kuliko matangazo yote ya simu mpya.

Kuhusu faragha nitapita haraka. Julai 2019 iliripotiwa kwamba wafanyakazi wa mkataba walikuwa wanasikiliza vipande vya sauti vya Siri ili kupima ubora, Apple wakasimamisha, wakaomba radhi, wakafanya iwe kwa hiari ya mtumiaji. Mwezi huohuo ikaripotiwa Ubelgiji kuwa Google nao wanafanya hivyohivyo. Kwahiyo hapa hakuna msafi wa kumnyooshea mwenzake kidole. Kilichobadilika kweli ni kazi kufanyika ndani ya simu. Google walisema 2019 wamepunguza modeli zao kutoka gigabaiti 100 hadi karibu nusu gigabaiti ili zikae kwenye simu, Apple kuanzia iOS 15, yani mfumo wa iPhone wa mwaka 2021, Siri kwenye simu za chipu ya A12 (iPhone XS na XR za 2018) na kuendelea anachakata sauti ndani kwa ndani, na alamu, taima, kufungua programu vinafanyika bila intaneti. Hilo ni la faragha na ni la utii pia, msaidizi anayekufa mtandao ukikatika sio msaidizi wa kumkabidhi mtu asiyeona.

Nikiwa hapohapo, kuna kitu kinanikera. Tangu iOS 17 mwaka 2023 kwa Kiingereza cha baadhi ya nchi unaweza kumuamsha kwa kusema "Siri" peke yake bila lile neno la mwanzo "Hey". Sasa wewe msemaji wa Kiswahili uliyeweka simu Kiingereza, neno siri linakutoka mdomoni mara ngapi kwa siku, na mara nyingi ndo pale unapoongea jambo ambalo hutaki lisikike. Ingieni kwenye setingi mrudishe maneno mawili.

Naendelea, maana nimeona michango na kuna hoja za kujibu.

Mkuu mmoja kasema hoja yangu ni ya 2024, Gemini wa sasa anaweka alamu, anatuma meseji, anacheza muziki, nimepitwa. Sijapitwa mkuu, nakubali ameongezewa mengi na ndo inavyotakiwa. Nachouliza sio je anaweza, ni je anafanya kila mara, mara 50 kati ya 50, kwa maneno yaleyale? Mtu anayeona akikosewa mara moja anagusa skrini anarekebisha, kwake ni usumbufu wa sekunde tano. Asiyeona hana hiyo sekunde tano, hajui hata kama amekosewa.

Mwingine kaandika kwamba tatizo ni watumiaji, wajifunze kuamrisha, iPhone kuna Njia za Mkato (Shortcuts) tangu iOS 12 mwaka 2018 unatengeneza sentensi yako mwenyewe na inafanya kazi uliyoipanga. Hii ni kweli na ni msaada mkubwa, mimi mwenyewe nimetumia ujanja wa aina hiyo kumtengenezea mama amri tatu na hazijawahi kumwangusha. Lakini ona sasa, mimi ndo nimetengeneza, sio yeye. Ambaye hana mtoto wa kumkalia pembeni jioni nzima inakuwaje?

Kuna aliyesema hakuna anayetumia sauti hadharani, ni aibu. Ndugu yangu, dereva anatumia, mwenye mtoto mgongoni anatumia, aliyevunjika mkono anatumia. Tusipime chombo kwa wasiokihitaji.

Hoja iliyonifanya nifikiri zaidi ni ya yule aliyeuliza, kama kweli anayetii ndo bora, mbona Android unaruhusiwa kubadilisha msaidizi kwenye setingi ukaweka mwingine, wakati iPhone ukibonyeza kwa muda mrefu kitufe cha pembeni, nchi nyingi anakuja Siri tu? Utii kwa nani, kwako au kwa kampuni? Hapa umenipata mkuu, na siwezi kuitetea Apple. Kwenye modeli zenye kitufe cha Action, kilichoanza na iPhone 15 Pro, unaweza kukielekeza kufungua msaidizi mwingine, ila ni njia ya kuzunguka. Simu ni yako, kitufe kiwe chako. Kwahiyo kwenye kufanya kazi bila maneno mengi nampa Siri na Bixby, kwenye kuongea, lugha na maswali Gemini yuko mbali mno, kwenye uhuru Android inashinda bila ubishi. Mama yangu bado nampa yule anayesema "nimeshindwa" akishindwa.

Ila sitaki tubishane kwa hisia. Naomba kila mmoja afanye jaribio hili leo, ni dakika kumi. Weka simu hali ya ndege, Wi-Fi nayo izime, mpe msaidizi wako amri tano, alamu, taima, kuwasha tochi, kufungua kamera, kumpigia mtu, hiyo ya mwisho haiwezekani ukiwa hali ya ndege na ndo tunataka tuone atasemaje. Kisha washa mtandao urudie zilezile kwa namna unavyoongea kawaida, sio kwa maneno ya tangazo. Usiangalie skrini, fumba macho kabisa. Ukimaliza fungua ulinganishe alichosema amefanya na kilichofanyika. Leteni majibu hapa mkitaja simu, toleo la mfumo na lugha mliyoiweka, nami ya mama nitaiweka kesho.