Mjadala: Gari lipimwe kwa umri, kwa kilomita, au kwa hali yake?

Mwanzisha mada, Ntinda

Ndugu zangu, leo tujadili hili bila matusi. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza Uganda gari lililofikisha miaka 15 tangu litoke kiwandani. Kenya wamekaza kwenye miaka 8. Tanzania hawakuweka ukomo, wao hukukamua kwa ushuru wa uchakavu. Na hapa kwetu hawakosekani wanaotaka tushuke hadi 8 kama jirani.

Mimi nasema sheria hii inalitazama gari mara moja tu, siku linapoingia. Likishafungwa namba, basi. Kikumi, zile Toyota Corolla za zamani, zenye namba ya UAA zimo barabarani hadi leo, na namba yenyewe inakwambia gari liliingia lini, haikwambii liliundwa lini. Kule Japani gari dogo la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2: breki, taa, moshi, mpaka chini ya uvungu. Likishushwa Mombasa limeagana na ukaguzi. Kwetu ukaguzi wa lazima uliwahi kuanza, malalamiko yakajaa, Bunge likaingilia, ukasimama. Gari langu mwenyewe hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuinama kulitazama.

Basi tupime nini? Umri, kilomita, au hali ya gari?

Mkazi wa Bwaise

Hali itapimwa na nani? Hapo ndipo hoja yako inapolegea. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye karatasi, haukubali chai. "Breki nzuri" na "moshi wa kawaida" vinakubali.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti 2020: kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalitoka Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 yakaletwa Afrika. Mengi wenyewe wanayaondoa kwa sababu kuyafaulisha kwenye ukaguzi wao ni gharama. Sisi tukiyapokea tunayapongeza kwa soda. Mimi naishi kando ya Northern Bypass, asubuhi nikipitisha kidole dirishani kinatoka cheusi. Sheria butu inayofanya kazi inanifaa kuliko sheria kali ya makaratasi.

Dereva wa masafa, Malaba

Nyinyi wa magari madogo mkiona kilomita laki mbili mnasema gari limezeeka. Kichwa cha lori kikiwa na laki mbili ndiyo kwanza kimezoea barabara. Mombasa hadi Kampala ni karibu kilomita 1,170, na bado kuna Juba kupitia Elegu. Injini kubwa ya dizeli imeundwa ikijulikana kwamba itafunguliwa. Silinda zake zina slivu, yaani mikebe ya ndani, zinazotoka; unaweka slivu mpya, pistoni, ringi na metali, mara nyingi bila hata kuishusha injini kwenye chasisi. Ndiyo maana lori lililotunzwa hufika kilomita milioni moja. Ukiniuliza limetembea kiasi gani nitakuuliza: tangu ovaholi ipi?

Kinachoua watu ni kingine. Wanaopita Salgaa kule Kenya wanaujua mteremko ule. Mtu anashuka na gia kubwa, ameegemea breki ya mguu, ngoma zinapata moto. Kwanza unanusa laini za breki zikiungua. Kisha unakanyaga na lori halisikii. Hapo hakuna anayeuliza lori ni la mwaka gani. Lori la miaka 5 ambalo tajiri wake husema "laini zitangoja safari ijayo" ni hatari kuliko hili langu la miaka 20.

Na mzigo msiusahau. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari zima. Anayezidisha usiku kwa njia za panya analala na springi zilizonyooka, na baada ya muda chasisi inapata ufa pale zinaposhikiliwa. Ufa huo hausomeki kwenye dashibodi.

Fundi wa Kisekka

Dereva wa masafa kasema kweli. Mimi niongeze ya gereji.

Kilomita za dashibodi ni maandishi tu. Gari linatoka bondi, yadi ya magari yaliyoagizwa, likisoma 68,000. Unatazama pedali ya breki: mpira umelika kona moja hadi chuma kinachungulia. Usukani unang'aa pale mikono inaposhika. Kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango, anaposhukia. Hilo limetembea laki mbili na ushee, hata kama dashibodi inaapa. Cheti cha kuliondoa gari Japani huonyesha kilomita zilizosomwa ukaguzini, kwa hiyo ombeni hicho, tena mkione chenyewe, si picha ya simu. Injini muikute baridi. Mkifika mkakuta muuzaji keshaipasha moto, muulizeni alikuwa anaficha nini. Ikishawaka fungua kifuniko cha oili: moshi ukipuliza kama birika la chai, ringi zimekwenda.

Halafu kilomita si kilomita. Toka Clock Tower hadi Kibuye saa ya jamu ya jioni uone. Mwendo ni mfupi kabisa, lakini injini imenguruma muda wote huo, feni inazunguka, oili inachoka, klachi inalika. Gari la Expressway ya Entebbe kwa muda uleule limeshaenda na kurudi, tena kwa raha. Anayebadilisha oili kwa kuangalia kilomita peke yake, na gari lake ni la mjini, anajidanganya.

Na sheria ya umri inanichekesha kwa jambo moja. Kikumi ya injini ya 5A, au Land Cruiser ya 1HZ, fundi wa Moroto anaifungua kwa spana na akili yake. Gari la umri mdogo zaidi linakuja na injini ya D-4 inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, au na gia boksi ya CVT inayotaka oili yake maalumu. Mtu anaimwagia ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, kwa sababu ni rahisi, gia boksi inaanza kuteleza, lawama kwa fundi. Dizeli za kisasa nazo nozeli zake hazivumilii maji wala uchafu wa pipa. Ni changa, lakini kwa barabara na mafuta yetu huchoka mapema. Sisemi tukumbatie chuma chakavu, kutu nayo haina dawa. Nasema umri haujibu swali mnalouliza.

Kijana wa Mbarara

Mbona mnajisumbua? Mmarekani Irv Gordon alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na 2013 ikatimiza maili milioni 3, karibu kilomita milioni 4.8. Gari likitunzwa halifi.

Fundi wa Kisekka

Kijana, Gordon alikuwa mtu wa safari ndefu kwenye lami, injini imeshapata joto lake haizimwi ovyo, na sevisi alikuwa haipitishi. Barabara hiyo unayo Mbarara? Na yule Mgiriki wa teksi, Gregorios Sachinidis, Mercedes yake 240D ilifika kilomita milioni 4.6, ila injini alikuwa akizibadilisha. Kilichofika huko ni bodi na dereva.

Mwenye kamunye, Jinja

Wote mmesema ila pesa hamjaitaja. Mkishusha hadi miaka 8, mimi mwenye kamunye, basi dogo la abiria, sitanunua drone, yaani lile la umbo jipya. Nitakwenda kutafuta injini nyingine ya eksi-Japani niifunge kwenye hii niliyonayo, nipige rangi, nirudi stendi. Na wenzangu wote watafanya hivyohivyo. Bei ya gari chakavu lililomo nchini itapanda, maana mbadala wake hauingii tena. Mnataka magari mazee yapungue, mnatunga sheria inayoyaongezea miaka.

Tena gari dogo la zamani tunalilipia kodi ya mazingira juu ya ushuru mwingine wote. Kodi hiyo ingenunua mashine ngapi za kupima moshi? Miaka yote hii imelipwa, na kamunye yangu haijawahi kuchomekwa mashine ya moshi hata siku moja.

Mkazi wa Bwaise

Dada, asante kwa ukweli wako, maana injini hiyo nyingine moshi wake unaupulizia dirishani kwangu. Tangu 2015 kiwango cha dizeli Afrika Mashariki hakiruhusu salfa kuzidi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta yamesafishwa, halafu gereji zinakata kichujio cha moshi na kukiuza. Fundi, au nasingizia?

Fundi wa Kisekka

Husingizii. Kile cha petroli kina madini ya bei, wanunuzi wake hawakauki. Cha dizeli kikiziba mteja hataki kusikia habari ya kukisafisha, anataka gari liondoke leo.

Mwanzisha mada, Ntinda

Hoja ya chai ni nzito, siikimbii. Lakini tofautisha mkaguzi wa macho na mashine. Mashine ya breki yenye rola inatoa namba ya gurudumu la kushoto na namba ya gurudumu la kulia. Kama zimeachana sana, gari halina breki, hata dereva atabasamu vipi. Iache namba hiyo iingie kwenye kompyuta moja kwa moja bila kupitia kalamu ya mtu. Miaka 15 ibaki mlangoni, sina neno, ila isishuke. Na ukaguzi uanze na yanayobeba abiria na mizigo, kila mwaka. Gari langu la kwenda kanisani lingoje.

Mkazi wa Bwaise

Na hiyo mashine itakaa wapi? Kampala peke yake? Lori la Karamoja litakuja Kampala kupimwa breki?

Dereva wa masafa, Malaba

Mama, sisi tunasimamishwa tayari. Mizani ya Busitema, mizani ya Magamaga, ukienda magharibi Lukaya na Mbarara. Foleni ninayo, karatasi ninazo, lori limesimama kwenye sahani ya kupimia. Waweke rola palepale mbele ya sahani. Dakika chache tu, na hata mimi ningependa kuzijua namba zangu kabla ya kushuka na kontena la mtu.

Mwenye kamunye, Jinja

Kwa malori sawa. Kamunye hazipiti mizani. Sisi mtupime wapi, Old Taxi Park?

Mkazi wa Bwaise

Mizani nakubali, kwa malori. Hizo Kikumi na kamunye bado hamjanijibu.